YAH: MALALAMIKO KUHUSU KUKATWA KWA BORITI ZA SAKAFU YANGU ILI KUPITISHA BOMBA LA CHOO

Kwa Meneja wa Kampuni,
Dodoma.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sitakuchosha na historia ya kazi hii ya kunijengea bafu na choo ghorofani. Faili langu mnalo, mkataba mnao, mchoro mliuchora wenyewe, na utaratibu wenu wa kubadili mchoro kwa maandishi na saini ya mteja mnaujua kuliko mimi. Naandika kwa sababu msimamizi wenu alikuja nyumbani kwangu kukagua uharibifu, akapanda juu na viatu vyake vya kazi, akaanza kurukaruka kwenye sakafu iliyokatwa boriti ili anionyeshe kwamba ni imara. Chini yake alikuwa amekaa mama mkwe wangu, mzee aliyepita miaka 80, anakula. Jipsamu ya dari ilipasuka, vumbi likamwagika kwenye bakuli la mlenda. Yule bwana akachungulia ngazini akasema, "Si unaona, mama? Haijaanguka."

Haijaanguka! Ndicho kipimo cha kazi katika kampuni yenu?

Ghorofa yangu ina sakafu ya mbao. Boriti ni za inchi 2 kwa 8, mbao za Sao Hill zilizotiwa dawa, ambazo marehemu mume wangu alizifuata mwenyewe Mafinga kwa sababu hakuamini za kuletewa. Zimelala kutoka ukuta wa mbele hadi ukuta wa nyuma. Mchoro wenu ulikuwa mzuri, na hilo nalisema kwa haki: choo kikae ukuta wa nyuma, bomba la inchi 4 lipite kati ya boriti mbili, litoboe ukuta, lishuke kwa nje hadi kwenye chemba. Hakuna boriti ambayo ingeguswa.

Nilikwenda msibani Kondoa. Niliporudi, choo kimehamia ukuta wa pembeni. Eti chemba ya upande ule iko karibu, bomba litakuwa fupi. Ni kweli lilikuwa fupi, ila badala ya kufuata boriti lilizivuka, na boriti tatu zilikatwa ili lipite. Hazikutobolewa, zilikatwa kwa msumeno kutokea chini, tena katikati ya chumba.

Nilipima kwa tepu. Boriti ya inchi 8 imebakiwa na inchi 3 juu ya bomba. Mahali msumeno ulipopita mbao ni nyeupe kabisa, maana dawa haikuingia hadi kwenye moyo wa mbao, na hakuna aliyehangaika kupaka dawa mpya pale palipokatwa. Ninyi mnafanya kazi Dodoma. Mnaujua mchwa wa hapa.

Mimi ni mwalimu mstaafu, si fundi, lakini mambo haya hayahitaji digrii. Boriti ikibeba mzigo, upande wake wa juu unabanwa na wa chini unavutwa, na mkazo mkubwa uko katikati ya urefu wake. Ndiyo maana mafundi wa sakafu za mbao hawakati chini ya boriti katika theluthi ya kati, na hata kwingine mkato hauzidi sehemu moja ya sita ya kina, yaani kama inchi 1 na theluthi kwa boriti zangu. Wakilazimika kutoboa, tundu halizidi theluthi ya kina, tena liwe mbali na kingo, inchi 2 za mbao zibaki juu na 2 chini. Piga hesabu mwenyewe. Kwenye inchi 8, bomba la sinki linaweza kupita. Bomba la choo la inchi 4 halipiti, hata mkitoboa kwa unyoya. Na bado lina mteremko wake, kama sentimita 2.5 kwa kila mita, kwa hiyo hata mngetoboa, kila tundu lingekuwa chini kuliko lililotangulia hadi mtoke kwenye mbao. Bomba kubwa linalala sambamba na boriti, au linapita chini yake na kufunikwa kwa jipsamu. Hayo mnayajua, maana aliyechora mchoro wenu aliyajua.

Kijana aliyekata simlaumu sana. Aliniambia kwa adabu, "Mama, mimi nimeambiwa nipitishe hapa." Aliyemwambia ni huyohuyo mrukaji.

Na kuhusu kuruka kule naomba unisikilize tena, kwa sababu ninyi kwenye simu mmekuwa mkikuita "ukaguzi". Nilimpokea vizuri, nikamkaribisha chai. Nikamwonyesha ufa wa jipsamu, ambao wakati ule ulikuwa mwembamba kama uzi. Nikamwonyesha taili za bafuni zilizoanza kuachana. Nikamwambia, "Mwanangu, sakafu inacheza, hapa kuna mzee anakaa chini." Akajibu, "Mwalimu, wewe ulifundisha watoto, mabomba tuachie sisi." Kisha akapanda na kuanza kuruka, si mara moja, huku mkononi ameshika simu na anaongea na mtu mwingine! Chini bibi akashtuka akidhani ni tetemeko, na hapa kwetu matetemeko si hadithi, akajaribu kuinuka na magonjwa yake ya magoti. Nilimkuta ameshika meza kwa mikono miwili, nywele zimejaa unga wa jipsamu. Bakuli likamwagwa lote. Msimamizi hakuteremka kumpa pole. Hata salamu ya kuaga hakutoa, alisema tu kwamba mtaleta kipande cha mbao na misumari.

Kipande cha mbao! Boriti iliyobakiwa na inchi 3 mnataka kuivalisha kiraka?

Tangu siku hiyo nikiandika napata jibu lilelile: "Malalamiko yako yamepokelewa na yanafanyiwa kazi." Mkitaka nitawatumia picha za skrini, yote yamefanana hadi nukta. Kitu pekee kilichokuja kwa wakati ni ankara ya salio, yenye maneno "kazi imekamilika". Kabla ya hapo, nimesahau kusema, choo chenyewe kiliziba wiki ya kwanza kwa sababu bomba limelazwa karibu bapa ili lisishuke kupita dari. Mtu anamwaga ndoo nzima, na maji ya mji huu tunayahesabu, uchafu unamwangalia tu.

Nilipoanza kuandika barua hii nilikusudia kuomba mambo mawili: bomba lirudishwe kwenye njia ya mchoro, na boriti zitengenezwe. Kutengeneza maana yake sakafu ishikiliwe kwa mirunda kwanza, kisha kila boriti iliyokatwa ipachikwe ubavuni boriti mpya ya kina kilekile, kutoka ukuta hadi ukuta, ifungwe kwa bolti, na kila palipokatwa papakwe dawa. Jipsamu na taili mrudishe kwa gharama zenu.

Lakini kila nikikumbuka ile meza na ile mikono ya bibi, naona hayo hayatoshi. Salio silipi. Nataka pia nirudishiwe malipo ya ufundi wa bafu, kwa kuwa ufundi sikuuona. Kazi ya marekebisho isimamiwe na mhandisi aliyesajiliwa, nitakayemchagua mimi na mtakayemlipa ninyi, na anipe ripoti yenye saini yake. Na msimamizi wenu aje na meneja wake kumwomba radhi mama mkwe wangu, ana kwa ana. Bibi ni Mgogo wa zamani, akiombwa radhi kwa heshima hana kinyongo. Mimi ninacho.

Nawapa siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Zikiisha bila mirunda kusimama sebuleni kwangu, nitapeleka picha, mchoro wenu, ankara yenu na nakala hii kwenye Bodi ya Usajili wa Makandarasi na Tume ya Ushindani, na Halmashauri ya Jiji nitawaomba waje kukagua jengo. Baada ya hapo tutaonana mahakamani, na madai yatakuwa ya sakafu nzima, si ya boriti tatu. Wanafunzi wangu wa zamani wamo katika ofisi nyingi za mji huu, wakiwemo mawakili. Sijamwomba yeyote msaada hadi leo.

Kwa sasa bibi amehamishiwa chumba cha uani na bafu la juu nimelifunga kwa kufuli. Funguo ninazo mimi, na fundi wenu atakayekuja aje na barua ya meneja mkononi. Msimamizi yule, nje ya siku ya kuomba radhi, asikanyage kwangu.

Wako,

Mteja wenu wa Ipagala,
Mwalimu mstaafu.