Hamisi, usiiwashe hiyo SMB1

Tanga, Jumapili usiku

Kaka Hamisi,

Salamu kwako, shemeji na watoto. Sisi wazima. Mama goti linamsumbua ila mdomo mzima. Jana kakuulizia, nikamwambia umetajirika siku hizi hupokei simu.

Haya, ile sauti uliyonirushia. Eti Juma kakwambia uiwashe SMB1, ile njia ya kale ya Windows ya kugawiana mafaili kupitia mtandao, kwenye kompyuta mpya ili XP, ile Windows yako ya zamani unayoiendesha ndani yake, iyaone mafaili? Subiri kwanza, kaka. Ni kweli XP haijui njia nyingine ya kushirikiana mafaili na Windows. Lakini Microsoft walianza kuiondoa SMB1 mwaka 2017, na hawakuiondoa bure. Mei mwaka huohuo WannaCry, kirusi kinachofunga mafaili na kudai fedha, kilipita kwenye tundu la hiyo hiyo SMB1, hadi hospitali za Uingereza zikarudisha wagonjwa nyumbani. Na kompyuta yako ndiyo yenye kazi za wateja wote, pamoja na daftari la madeni (langu ukilipoteza sitalia).

Tena mtandao wenyewe huuhitaji. Si unatumia VirtualBox, ile programu inayoigiza kompyuta ya pili ndani ya kompyuta yako? Ndani ya XP weka Guest Additions, programu za nyongeza za VirtualBox, zipo kwenye menyu yake ya Devices. Kisha kwenye Shared Folders chagua folda moja tu, iite kazi, uweke tiki ya kujifungua yenyewe (Auto-mount). Isipotokea kama diski, andika \\vboxsvr\kazi. Mafaili yanapita ndani ya VirtualBox yenyewe, hayagusi waya. Ndiyo maana XP unaweza kuikatia mtandao kabisa, na uikatie: haijapata ulinzi wa kawaida tangu Aprili 2014. Ukimaliza kupanga kurasa kwenye PageMaker, toa PDF, itupe humo humo, uchapishe kutoka kompyuta mpya.

Usiipe XP diski C yote lakini! Virusi vikiingia XP vitakula kila kinachofikika. Folda moja. Mafaili ya asili yaweke kwenye folda ya pili ya kusoma tu.

Shukuru ni XP. Ingekuwa Windows 98 ungeona joto ya jiwe, maana haina Guest Additions. Kila faili la kuingiza ungelitengenezea CD ya kuigiza (faili la ISO), na kulitoa tena ni shughuli nyingine ambayo... tuache.

Narudia: SMB1 hapana, hata Juma akikasirika. Yeye na mambo yake ya "zima antivairasi kwanza"!

Nina shida yangu pia. Kile kitabu cha mashairi ya mzee tulichokipanga pale stesheni, mafaili yake nadhani yamo kwenye zile CD zako. Wadogo zangu wanataka kukichapa upya.

Je, CD hizo bado zinasomeka? Na zile fonti tulizotumia unazo? XP yako ina PageMaker 7 au ile ya zamani? Juma ameshagusa chochote? Na shemeji, ile mashine ya kudurufu aliiuza kweli au alikuwa anakutisha?

Wako,
Salim