Mfuko wa nyongo ulitolewa, maumivu yakarudi. Hii dawa niimeze?

Ndugu Mhariri na wasomaji wenzangu,

Wakubwa wangu shikamooni. Mimi ni mama wa miaka 43, naishi Ilemela hapa Mwanza, nina mume na watoto, na riziki yangu ni dagaa. Nanunua Igombe, naanika, nauza kwa jumla mwaloni Kirumba. Naandika kwa sababu nina uamuzi wa kufanya, na kila ninayemwuliza nyumbani ananijibu kwa hasira au kwa huruma. Swali lenyewe halijibiwi.

Nilianza kuumwa chini ya mbavu za kulia, maumivu yakipanda mpaka begani, hasa usiku nikishakula chakula chenye mafuta. Nilitibiwa taifodi, nikatibiwa vidonda vya tumbo, mpaka altrasaundi ilipoonyesha vijiwe kwenye mfuko wa nyongo. Nikafanyiwa oparesheni ya matundu madogo, mfuko ukatolewa, vijiwe nikaonyeshwa kwenye kichupa. Nilipona. Nalisisitiza hilo kwa sababu watu wengi wanadhani oparesheni ilikosewa, na mimi siamini hivyo. Miezi ya mwanzo nilikula, nililala, nilirudi kazini. Baadaye ndipo maumivu yakaanza upya.

Haya ya sasa hayafanani kabisa na yale ya vijiwe. Yanakaa juu ya kitovu, kidogo kulia, yanapenya hadi mgongoni. Yanabana kama mtu anakamua shuka iliyolowa, yanakaa nusu saa au zaidi, kisha yanaachia na kuniacha nimelowa jasho. Mara nyingine yananiamsha usingizini.

Nilianza kuandika kwenye daftari. Dagaa wetu huvuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikikolea kazi hupungua na mimi hupumzika, kwa hiyo nilitaka kujua kama kubeba mizigo ndiko kunakoniumiza. Sivyo. Yanakuja wakati wa kazi na wakati wa mapumziko. Mama mkwe alisema ni sato wa kukaanga. Ni kweli mafuta mengi siku hizi yananiharisha, na daktari alieleza kwamba nyongo inayotengenezwa na ini sasa haina pa kuhifadhiwa, inatiririka moja kwa moja utumboni. Lakini kuharisha na maumivu ni vitu viwili. Zipo siku nimekunywa uji mtupu na ndizi za kuchemsha na bado nimejikunja sakafuni.

Vipimo nimepima. Damu ya kuangalia ini iko sawa, kongosho iko sawa. Kamera ya tumboni haikuona kidonda. Kwa kuwa nilizaliwa Ukerewe na utoto wangu wote nilioga ziwani, nilipimwa na kichocho cha tumbo, ambacho huku kwetu kinaharibu maini ya watu wengi. Hakikuonekana, na ini langu kwenye altrasaundi halina makovu. Daktari alinilaza, akabonyeza pale panapouma, akaniambia niinue kichwa nikaze tumbo. Alisema kama maumivu yangezidi, tungeshuku misuli au mshipa wa fahamu ulionaswa kwenye kovu. Hayakuzidi. Mwisho nikakopa kwenye kikoba, nikafanya kipimo cha MRI cha mirija ya nyongo, kwa sababu wakati mwingine kijiwe hubaki kwenye mrija mkuu hata mfuko ukitolewa. Hakuna kijiwe, na mrija haujatanuka. Mkopo bado naulipa.

Hapo ndipo daktari aliponikalisha chini. Alisema kuna msuli mdogo unaofunga na kufungua mwisho wa mrija wa nyongo, unaitwa kwa jina la Oddi, Mwitaliano aliyeueleza mwaka 1887. Kwa baadhi ya watu msuli huo hubana ovyo. Nilipomweleza kwamba vidonge vya kodeini nilivyopewa na jirani vilinizidishia maumivu, hakushangaa. Alisema dawa za jamii hiyo zinaweza kuubana zaidi, nisizitumie tena. Nilimwuliza kwa nini msuli usikatwe. Akanijibu kwamba Marekani walifanya utafiti kwa wagonjwa 214 wenye hali kama yangu, maumivu yapo lakini damu na mirija viko sawa, na matokeo yakatoka mwaka 2014. Wengine walikatwa msuli kweli, wengine waliingizwa kamera tu bila kukatwa na bila kuambiwa. Waliokatwa hawakupata nafuu kuwazidi wenzao. Tena kuingiza kamera kwenye mrija huo kunaweza kuamsha uvimbe wa kongosho, ugonjwa unaoweza kuua.

Kisha akasema maneno ambayo nimeyashika: "Maumivu yako ni ya kweli. Mishipa ya fahamu ya tumbo lako imekuwa nyepesi kuhisi, na kitu ambacho mwenzio hakisikii kabisa, wewe kinakuumiza." Akaniandikia amitriptilini, miligramu 10 usiku. Akanionya kwamba dawa hii inatumika pia kutibu sonona, ila kwa dozi kubwa zaidi, na kwamba inachukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi. Akaniagiza nirudi mbio nikiona macho ya njano, mkojo mweusi, choo cheupe, homa ya kutetemeka, au nikianza kukonda.

Nimefika nayo nyumbani na pakiti haijafunguliwa.

Mume wangu alisoma karatasi ya ndani, akaikuta hiyo sonona, akasema, "Kwa hiyo daktari anasema ni mawazo." Hakusema kwa ubaya. Huyu ndiye aliyelala sakafuni hospitali nilipopasuliwa. Lakini yuko tayari kuuza kiwanja chetu cha Buswelu nikapimwe upya Dar es Salaam, nikakatwe huo msuli, kuliko kuniona nameza dawa anayoiita ya wehu. Anataka kitu kionekane kwenye picha. Wifi yangu ameshawaambia watu kanisani kwamba natibiwa akili. Mama mkwe anataka nipelekwe kwa mganga upande wa Magu, maana kwake mtu mwenye vipimo safi na maumivu makali ana mkono wa mtu.

Msimamo wangu ni huu: mganga siendi, na sikubali kiwanja cha watoto kiuzwe kutafuta picha nyingine ya jambo lilelile, labda ile dalili ya macho ya njano na wenzake ijitokeze. Dawa ndiyo inayonipa shida. Naamka saa kumi alfajiri kuwahi mwalo, na nimeambiwa inaleta usingizi, mdomo mkavu na choo kigumu. Fedha za watu ziko mkononi mwangu, siwezi kufika pale nikiwa na kichwa kizito. Pia naogopa, nikianza na isiponisaidia, hakuna atakayeniamini tena nikisema naumwa.

Kwa hiyo naomba aliyetolewa mfuko wa nyongo na akabaki na maumivu yasiyoonekana aniambie: yaliisha yenyewe, au umejifunza kuishi nayo? Vipi? Aliyetumia amitriptilini kwa ajili ya tumbo, uliimeza saa ngapi ili uweze kuamka alfajiri, na ulianza kuona nafuu lini? Wauguzi na madaktari mnaosoma, je, ni sawa kujaribu dawa hii kwanza, na safari ya Dar ibaki akiba? Na kama yupo mwanaume aliyewahi kumuuguza mke mwenye hali hii, namwomba sana aandike yeye. Mume wangu ananipenda, ila katika hili atamsikiliza mwanaume mwenzake kabla ya kunisikiliza mimi.

Jina langu naomba mlihifadhi.

Mama wa dagaa,
Ilemela, Mwanza