Barua ya wazi: Mheshimiwa, nyumba uliyotuahidi kwa ajili ya wazee inaanguka

Mheshimiwa, assalamu alaykum. Najua una kazi nyingi na sikupenda mambo ya mtaani kwetu kuyaleta hadharani, lakini barua tumeandika, kwa sheha, kiongozi wetu wa mtaa, tumepitisha, mpaka ofisini tumekuja tukaambiwa uko kikaoni, basi leo nakuandikia mbele za watu.

Juzi usiku mvua za vuli zimepiga na kipande cha ukuta wa ghorofani wa ile nyumba ya serikali hapa kwetu Mji Mkongwe kikaja chini, kikaangukia baraza, baraza ile ile wanayokaa wazee jioni na watoto wa chuoni wanapita hapo hapo na misahafu yao. Alhamdulillahi ilikuwa usiku. Asubuhi nimeenda kutazama nikaokota kipande cha boriti nikakivunja kwa mkono tu, ndani unga mtupu na unyevu umejaa, sasa boriti ya mkoko mpaka ifike hapo ujue imekunywa maji misimu na misimu. Na maji yanaingilia juu Mheshimiwa. Bati zilipeperuka zamani hakuna aliyezirudisha, na mti umeota ukutani mizizi inapasua mawe, tunauona kila siku unakua.

Nikukumbushe, maana labda umesahau. Ulikuja mwenyewe ukakaa kwenye baraza hiyo hiyo, ukanywa kahawa na wazee wetu, ukasema nyumba hii itatengenezwa, chini pawe mahali pa kupimia wazee presha na sukari na pa kinamama kupata msaada wa sheria, juu vijana wasome jioni. Hukulazimishwa na mtu, ulisema mwenyewe na sisi tukapiga makofi. Tangu siku hiyo aliyekuja ni fundi mmoja akapaka saruji ukuta wa mbele, akaondoka. Saruji! Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, ukuta unapumua, ukiuziba kwa saruji unyevu unabaki ndani unaula ukuta taratibu, na kila fundi mzee wa hapa mjini anajua hilo hata usipomuuliza. Mimi naona ule upande ulioanguka ndo ule ule uliopakwa, siwezi kuapa lakini ndivyo ninavyoona.

Na usiniambie haiwezekani. Ile Dispensari ya zamani pale karibu na bandari, tajiri mfanyabiashara Tharia Topan aliianzisha 1887 iwe hospitali, ikaja ikachakaa hivi hivi tunakumbuka, na miaka ya 1990 ikakarabatiwa na taasisi ya Aga Khan kwa chokaa na mafundi wetu wenyewe, leo imesimama na kila mgeni anaipiga picha. Kwa hiyo ujuzi upo. Tunachokosa ni mtu wa kusema anza.

Halafu Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la 1883, nani asiyejua yaliyotokea pale? 2012 kona ikaanguka, 25 Disemba 2020 upande mzima ukaja chini huku mafundi wakiwa kazini na watu wawili wakafa. Miaka 8 hiyo kati ya onyo na msiba. Sisi hapa onyo letu ni la juzi, sasa tunasubiri nini, tusubiri mpaka baraza iwe na watu? Na mji huu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, tunasifiwa kila mahali, lakini urithi gani huu wa kuwaangukia wenyewe.

Mimi nina Bi Mkubwa wangu, amevuka 80, ana presha na miguu haimbebi. Tunakaa ghorofani, ngazi zetu unazijua zilivyosimama, na gari haiingii vichochoroni. Akizidiwa tunamteremsha kwenye kiti, vijana wawili mbele wawili nyuma mpaka barabarani, na huku analia anasema mniache tu. Kumpima presha tu, Mheshimiwa! Jambo la dakika chache ambalo lingefanyika hapo jirani kama lile neno lako lingetimia. Na si yeye peke yake, mtaa mzima una wazee wako juu ghorofani hawajashuka miezi. Serikali iliwakumbuka wazee kwa pensheni jamii 2016, kila aliyefika miaka 70 anapata, tunashukuru na tunasema wazi, lakini pesa haimpimi mtu presha wala haimshiki mkono akashuka ngazi.

Sasa mtaani kuna maneno kuwa kuna mwekezaji anaitaka iwe hoteli, na kwamba inaachwa makusudi ioze ili ionekane haifai kwa kitu kingine. Mimi sina ushahidi, ila ukimya wako ndo unaowapa watu maneno. Kama si kweli tuambie si kweli. Kama ni kweli tuambie pia, tujue tunazungumza na nani.

Nilikuwa nimeandika mengi hapa, chumba cha kinamama, choo cha wazee cha chini, maktaba ya watoto, nimeyafuta. Naomba moja tu. PAA. Masika inaingia Machi, mpaka hapo tufunikieni hiyo nyumba, bati au hata turubai nzito, na huo mti ukatwe na fundi anayejua asije akang'oa na ukuta. Mengine tutayazungumza nyumba ikiwa bado imesimama. Vijana wa mtaa wako tayari kubeba chokaa na mchanga bila malipo, wameniambia niandike hivyo na mimi naandika.

Siku ya kuanza iandikwe kwenye karatasi, ibandikwe mlangoni kwa sheha, watu wote waisome. Paa tu Mheshimiwa, kabla ya masika.

Mimi, mkaazi wa nyumba ya jirani,
Mji Mkongwe, Unguja