Wachorongaji Mererani wapimwe seli, picha ya kifua huchelewa

Mhariri,

Nilianza kuchoronga miamba Mererani kabla ukuta wa kuzunguka migodi ya tanzanaiti haujajengwa. Siku hizi kilima kidogo tu nakipanda kwa vituo.

Tukitoka langoni hupekuliwa mpaka viatu, isije ikapita tanzanaiti. Sina kinyongo, mali ni ya taifa. Ila vumbi tulilobeba kifuani halina mpekuzi.

Tunapimwa makohozi kwa ajili ya kifua kikuu, na wenye bahati hupigwa eksirei. Tunashukuru. Lakini eksirei huonyesha kovu likishaota, na kovu la silikosisi, ugonjwa wa mapafu uletwao na vumbi la miamba, halifutiki kwa dawa. Tena IARC, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, ililiweka vumbi la silika, madini yaliyomo kwenye miamba, tangu 1997 katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, pamoja na asbesto.

Binti yangu anayesomea maabara amenieleza kipimo cha mapema zaidi. Husugua ndani ya shavu kwa kibrashi, hupaka kwenye kioo, hutia rangi, kisha kwa hadubini huhesabu seli zenye kijiini cha ziada kando ya kiini kikubwa. Hicho ni kromosomu, uzi unaobeba vinasaba, au kipande chake, kilichoachwa nje seli ilipogawanyika; vikizidi ni dalili kwamba seli zinadhurika. Sindano hakuna. Shavu si pafu, lakini vumbi linapitia hapo hapo. Sigara nayo huongeza vijiini, kwa hiyo mvutaji alinganishwe na mvutaji wa rika lake asiyeshuka shimoni. Wala kipimo hiki hakimtabirii mtu saratani. Kinaeleza hali ya kundi.

Mimi hilo la kundi ndilo ninalolitaka. Seli za shavu hujibadilisha ndani ya wiki chache. Basi wapimwe wachorongaji wa shimo linalochoronga kavu, yaingizwe maji ya kutuliza vumbi, wapimwe tena. Wenye mashimo husema maji ni gharama, na kweli kuyafikisha kule chini si mchezo. Waletewe hesabu za seli, tubishane kwa hizo.

Sharti langu: majina yasifike kwa bosi. Wengi wetu hatuna mkataba, tunakula mgawo jiwe likitoka. Atakayesemwa ameharibika ataambiwa kesho asije, na karatasi ya kudaia fidia hana. Majibu ya mtu apewe mwenyewe mkononi. Ya shimo zima yabandikwe mlangoni.

Mchorongaji wa zamani,
Mererani, Manyara