Malalamiko kuhusu vyeti vya afya vya punda sita mliotuuzia

Kikundi cha Mikokoteni ya Punda,
Lindi Mjini.

Meneja Mauzo,
Idara ya Wanyama Kazi.

YAH: UKAGUZI WA AFYA WA PUNDA SITA KABLA YA MAUZO

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Punda sita mlioteremsha Lindi walikuja na vyeti sita vinavyofanana neno kwa neno: umri miaka 4, miguu mizuri, hana nagana (ugonjwa wa vimelea vya damu unaoenezwa na ndorobo), amechanjwa, anafaa kwa kazi. Vyeti hivyo tunavikataa. Yote yaliyoandikwa humo yangeweza kuandikwa na mtu aliyewatazama punda wakiwa wamefungwa mtini. Sisi tulinunua punda wa kutembea, wavute mikokoteni yenye madumu ya maji na, msimu ukifika, magunia ya korosho ya kilo 80 kupeleka ghalani. Kazi hiyo mliijua kabla ya kupokea pesa.

Tuanze na miguu. Wawili wanachechemea. Mguu haukaguliwi mnyama akiwa amesimama. Anaongozwa kwa kamba iliyolegea juu ya ardhi ngumu na tambarare, kwanza kwa kutembea, kisha mchakamchaka, kama mita 30 kwenda na kurudi, huku mkaguzi akitazama kwa mbele, kwa nyuma na kwa ubavuni. Mguu wa mbele ukiwa na maumivu, kichwa hupanda pale mguu huo unapokanyaga, kikashuka mguu mzima unapokanyaga. Ukiwa wa nyuma, tazama nyonga: upande mbovu hupanda na kushuka zaidi kuliko mwenzake. Kwenye mchanga dalili hizi hujificha, kwa hiyo tuliwapitisha kwenye lami, na huko kuchechemea kulionekana wazi.

Wa kwanza, koleo la kupimia kwato lilimgusa sehemu moja tu karibu na mstari mweupe (mpaka kati ya ukuta wa kwato na wayo wake) akaruka. Ilipochimbwa kwa kisu cha kwato ulitoka usaha mweusi. Hilo ni jipu la kwato, hutibika, na hatulikuzi. Wa pili ndiye tatizo. Kwato zake mbili za mbele zina mistari ya mviringo kwenye ukuta, iliyobanana mbele na kutawanyika kuelekea kisiginoni, mstari mweupe umepanuka, na akisimama hutupa uzito nyuma. Hizo ni alama za ugonjwa wa kuvimba tishu zinazoshikilia kwato na mfupa. Dereva wenu alisema "ameumia kwenye lori". Kwato hukua kutoka juu, chini ya sentimita 1 kwa mwezi. Mstari wa mviringo ulio sentimita 3 chini ya nywele una miezi isiyopungua mitatu, na lori halikuchukua miezi mitatu kufika Lindi. Mkaguzi wenu angeinua mguu mmoja tu angeuona.

Hatusemi kwamba punda hawa walipewa dawa ya maumivu kabla ya kupakiwa. Hatuwezi kusema hivyo, wala ninyi hamwezi kukanusha, kwa sababu damu yao haikuhifadhiwa. Uingereza, farasi anapouzwa, daktari wa mifugo hulipwa na mnunuzi, si muuzaji, na ukaguzi kamili una hatua tano: mnyama akiwa ametulia (macho kwa tochi gizani, moyo, meno, ngozi), kisha mwendo, kisha kazi nzito, kisha mapumziko, kisha mwendo tena. Damu huchukuliwa siku hiyohiyo na kutunzwa miezi 6, mnyama akianza kuchechemea baadaye ipimwe kama kulikuwa na dawa ya maumivu kama fenilibutazoni. Punda huiondoa dawa hiyo mwilini haraka kuliko farasi, kwa hiyo anayeuzwa akiwa ametulia leo anaweza kuanza kuchechemea siku chache baadaye. Hatudai daktari wa farasi. Tunadai chupa moja ya damu.

Umri. Punda wa miaka 4 bado ana meno ya utoto kwenye pembe za safu ya mbele. Ya kudumu huchukua nafasi yake karibu na miaka 4 na nusu. Wawili kati ya sita wana meno yote ya mbele ya kudumu, yamelika, na yakitazamwa kwa ubavu yameinama kuelekea mbele. Baada ya kinywa kukamilika, yaani meno yote ya kudumu yakishatoka, umri unabaki kuwa makadirio, hilo tunalikubali, lakini hakuna makadirio yanayompa mnyama huyo miaka 4. Mmoja wao ana ncha kali kwenye magego na anatema vibonge vya majani aliyoyatafuna nusu. Hilo si dogo kwa punda: akikaa bila kula, hasa baada ya safari ndefu, mafuta ya mwili humwagika kwenye damu na kuelemea ini, naye anaweza kufa huku akionekana amenyamaza tu. Magego hayaonekani kwa kufunua midomo. Yanataka kifaa cha kushikilia kinywa kikiwa wazi na tochi.

Kuhusu nagana, tungependa kujua ilipimwaje. Vyeti havitaji maabara, tarehe wala kiwango cha chembe nyekundu za damu. Ndorobo (mbung'o) wapo katika ukanda huu na katika njia mliyopitia, na punda huambukizwa. Damu hutiwa kwenye mrija mwembamba, huzungushwa kwenye mashine, kisha tabaka jeupe juu ya chembe nyekundu hutazamwa kwa hadubini mapema, vimelea wakiwa bado hai. Hata hivyo vimelea hupanda na kushuka kwenye damu, kwa hiyo jibu moja la "hakuna" halitoshi kama mnyama amepungukiwa damu. Wakala wa Maabara ya Veterinari ana kituo Mtwara. Huduma haiko mbali kiasi cha kuibadilisha kwa kutazama kwa macho.

Chanjo ya pepopunda imeandikwa bila tarehe, bila namba ya toleo, na bila kusema kama dozi ya pili, inayofuata baada ya wiki 4 hadi 6, ilitolewa. Majike hayakupimwa mimba, ingawa punda hubeba mimba kwa takriban miezi 12 na mwenye mimba kubwa si wa kufungwa mkokoteni.

Tulipopiga simu tulijibiwa kwamba kibali cha kusafirisha mifugo kipo. Kipo, na hatukilalamikii. Kibali kinahusu kuzuia magonjwa yasisambae, hakisemi kama mnyama anaweza kazi. Vilevile sahihi iliyo kwenye vyeti haina namba ya usajili wa Baraza la Veterinari. Na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji matumizi ya kitu na kutegemea ujuzi wake.

Tunataka punda wote sita wakaguliwe upya na daktari aliyesajiliwa tutakayemchagua sisi, kwa gharama yenu, damu ichukuliwe mbele ya pande zote mbili. Mwenye kwato mbovu na wale wawili wazee mrudishiwe, nasi tupewe pesa au wengine waliokaguliwa kwa mwendo. Matibabu ya jipu mlipe. Na fomu yenu iongezwe nafasi ya mwendo kwenye ardhi ngumu, majibu ya maabara na namba ya daktari. Tunasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14, vinginevyo suala tutalifikisha Tume ya Ushindani na Baraza la Veterinari.

Hadi mtakapojibu, punda hao watatu hawatafungwa mkokoteni, na majani na pumba wanazokula tunaziandika kwenye hesabu yenu.

Mwenyekiti na Katibu,
kwa niaba ya wanakikundi.

Nakala: Ofisi ya Mifugo ya Halmashauri.