Plastisini ya unga ipikwe, isikandwe mbichi

Mhariri,

Kila likizo ya shule inapokaribia, maelekezo ya kutengeneza plastisini ya nyumbani, yaani donge laini la watoto kufinyangia, husambaa kwenye simu za wazazi: unga vikombe viwili, chumvi kikombe kimoja, maji kiasi, kanda, mpe mtoto. Sisi tunaofundisha chekechea tunaomba nafasi gazetini kwako tuseme kwamba kwa hali ya hewa ya Dar es Salaam njia hiyo haifai. Donge laini la asubuhi, jioni linanata mezani kama ulimbo, na baada ya siku chache limeota ukungu. Lipikwe.

Tatizo liko kwenye chumvi. Chumvi hunyonya unyevu wa hewani, na wakati wa masika unyevu wa mji huu unatosha kuilowesha hata ikiwa kwenye kopo. Unga mbichi hauwezi kuyazuia maji hayo. Ukiupasha moto hadi kupita nyuzi joto 60, wanga wake hufura na kuyashika maji, kama uji unavyokuwa mzito jikoni. Isitoshe, moto hupunguza vijidudu vya kuharisha vinavyoweza kuwamo kwenye unga mbichi, na watoto hawa kila walichoshika hukipeleka mdomoni.

Tumia kikombe kimoja kupimia kila kitu: unga wa ngano vikombe viwili, maji vikombe viwili, chumvi kikombe kimoja (masika punguza hadi robo tatu), mafuta ya kula vijiko vikubwa viwili, na maji ya ndimu vijiko vikubwa viwili. Maelekezo ya kigeni hutaja krimu ya tata, unga mchachu wa kuokea. Usihangaike kuitafuta, ndimu inatosha kulilainisha donge. Chumvi ikiwa ya mawe, itwange kwanza iwe laini, maana maji haya hayawezi kuiyeyusha yote. Isipolainika, donge litakuwa na chengachenga zinazokwaruza vidole, na hapo hakuna dawa.

Koroga vyote vikiwa baridi mpaka mabuje yaishe, ndipo ubandike sufuria jikoni. Moto uwe mdogo. Kama ni mkaa, ufunike kwa majivu. Songa kwa mwiko bila kuacha. Mwanzoni utaona uji tu, kisha mapande yataanza kushika chini, halafu ghafla mchanganyiko wote utajikusanya kwenye mwiko na kupoteza mng'ao. Wengi huepua mapema hapa, wakidhani tayari. Finya kipande: kikinata kidoleni, rudisha mwiko kazini dakika moja nyingine. Ukipitiliza nako, donge hupasukapasuka. Mimina mezani, likipoa kiasi likande dakika tano hivi.

Likinata baada ya kupoa, usiongeze unga mkavu. Huo ni mbichi, na ndio utakaoleta ukungu. Lirudishe motoni. Likikauka, lowesha viganja na ukande. Ukiongeza mafuta kupita kiasi vipande havishikani, na mtoto akijaribu kumbandika ng'ombe wake pembe zitadondoka.

Kuhusu rangi tunasema kwa msisitizo: rangi za kutilia ukili wa mikeka si za chakula, zisiguse donge la mtoto hata kama ni za bei nafuu. Manjano ya jikoni hutoa rangi nzuri, ila yakidondokea nguo na mama akaipaka sabuni ya mche, doa hugeuka jekundu. Mvalishe mtoto nguo kuukuu. Rosela iliyochemshwa ikawa nzito inaweza kuchukua nafasi ya kikombe kimoja cha maji. Ndimu ndiyo inayoilinda isipoteze wekundu. Ukiisahau, rangi hufifia kuelekea zambarau.

Watoto wa miaka mitatu na kuendelea wapime, wamimine na wakoroge kabla ya kupika. Jikoni wasikaribie. Donge likitoka, lipasue ukaguse katikati, maana nje hupoa wakati ndani bado panaunguza. Vifaa vya kuchezea vimejaa nyumbani: kifuniko cha soda hukata duara, chupa husukuma chapati, kitana huchora mistari. Mwache asokote nyoka wembamba na kuwakunja wawe herufi; vidole vinavyofanya kazi hiyo ndivyo vitakavyoshika penseli. Mwenye kidonda mkononi asubiri kipone, chumvi na ndimu vitamwasha.

Mtoto akilamba kidogo, ladha yenyewe humkatisha tamaa. Akimeza mapande, hilo si la kuchekea: chumvi nyingi ni hatari kwa mtoto mdogo. Kiu kali, kutapika au kulegea ni dalili za kumkimbiza hospitali. Kwa hiyo mtu mzima asiondoke mezani.

Hifadhi kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana, kwenye friji kama ipo. Ukiona doa moja la ukungu, tupa lote, usikwangue. Wala usiwatupie kuku wa uani wala mbwa, kwa sababu chumvi hiyo inaweza kuwaua.

Walimu wa chekechea,
Temeke, Dar es Salaam