Likizo yangu ya uzazi imeisha, mapacha bado wako hospitalini

Mshauri wetu, pokea salamu kutoka Kaptembwo, Nakuru.

Naomba ushauri kuhusu likizo kabla sijaketi na meneja wangu. Mimi huendesha mashine ya kupakia unga katika kinu kimoja hapa eneo la viwanda, na niko kwenye mkataba wa kudumu. Mke wangu alijifungua mapacha, msichana na mvulana, mimba ikiwa ya wiki 31. Alifanyiwa upasuaji usiku uleule tuliofika hospitali kuu ya hapa mjini, ile ambayo wengi bado tunaiita PGH. Watoto wanaendelea vizuri, Mungu ashukuriwe, na uzito unapanda. Ila hawajafikia kiwango cha kuruhusiwa nyumbani.

Kifungu cha 29 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinampa baba wiki mbili za likizo kwa mshahara kamili. Nilizipata bila kusumbuliwa, na kwa hilo naishukuru kampuni. Lakini zilikwisha watoto wakiwa bado kwenye mashine ya joto. Likizo ya kumpokea mtoto imeisha kabla mtoto hajafika nyumbani! Kwa sheria hiyo, mtoto aliyezaliwa mimba ikiwa imetimiza miezi tisa na huyu wangu wa gramu 1,400 ni sawa, na mimi naona hapo pana pengo kubwa.

Niruhusu nieleze kazi yangu wodini, maana supavaiza wangu anaamini baba huenda kuwatazama watoto kisha akarudi. Wauguzi walitufundisha kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, ile njia ya kangaruu. Mtoto huvuliwa nguo zote akabaki na nepi, kofia na soksi. Unamweka wima katikati ya kifua, unamgeuza kichwa upande ili njia ya hewa isizibe, miguu inakunjwa kama ya chura, kisha unamfunga kwa leso na kuvaa shati juu yake. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa namna hii wabebwe hivyo kwa saa 8 hadi 24 kila siku. Sasa watoto ni wawili, mama ana kidonda cha upasuaji, na mchana kutwa usiku kucha anakamua maziwa ya kupitishwa kwenye mpira mwembamba wa puani. Mama mkwe alitushika mkono kwelikweli, lakini ilibidi arudi Webuye, mahindi yanataka palizi na baba mkwe anaumwa miguu. Msichana ndiye mdogo zaidi. Nikimfunga kifuani, baada ya muda mfupi nahisi pumzi zake zikitulia, na vidole vyake vilivyokuwa baridi vinapata joto. Kazi hiyo siwezi kumwachia mwingine.

Nilimweleza supavaiza. Akaniambia, "Baba Pacha, siku zako ulishapewa. Shule zinafunguliwa, maagizo ya unga ni mengi, likizo hakuna kwa sasa." Mwenzangu wa zamu naye, kwa nia njema, alinivuta kando akaniambia kuna zahanati ambako karatasi ya ugonjwa hupatikana kwa shilingi chache. Kweli kifungu cha 30 kinampa mfanyakazi siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 nyingine kwa nusu mshahara katika kila mwaka, lakini ni za ugonjwa wake mwenyewe, na lazima cheti kitolewe na mhudumu wa afya anayetambuliwa. Mimi si mgonjwa. Uongo huo nimeukataa, na sitaki kufutwa kazi kwa karatasi ya kughushi wakati huu ambapo watu watatu wananitegemea. Siku za lazima za kumuuguza mtu wa familia, sheria yetu haijaziweka.

Kimebaki nini? Likizo ya mwaka, ambayo kisheria haipungui siku 21 za kazi, na kwangu nyingi bado hazijaguswa. Nimesoma kwamba mwajiri na mfanyakazi wakikubaliana inaweza kugawanywa, mradi sehemu moja iwe ya wiki mbili mfululizo. Hapa ndipo ninapokwama. Nikizichukua zote sasa, nitambeba binti yangu mchana kutwa, lakini watakaporuhusiwa mke wangu atabaki peke yake nyumbani na watoto wawili wadogo mno, huku miezi yake mitatu ya uzazi ikizidi kuyoyoma. Nikizihifadhi, mtoto mmoja anakosa kifua leo. Nimefikiria kuomba zamu ya usiku tu ili niende wodini mchana, lakini nahofia usingizi kunishika mtoto akiwa kifuani, na mashine yetu nayo haitaki mtu anayesinzia.

Likizo bila malipo ningeweza kuivumilia kwa mwezi mmoja, kwa kukopa kwenye chama chetu cha akiba. Wasiwasi wangu ni SHA, ile bima ya afya ya umma. Makato ya asilimia 2.75 hutoka kwenye mshahara, na pasipo mshahara hakuna makato. Je, nikiilipa mwenyewe mwezi huo, watoto wataendelea kutambuliwa wakiwa wodini? Nani huanza kushughulikia malipo hayo, mimi au mwajiri?

Pia naomba unisaidie na barua yenyewe. Nimeshaomba kwa mdomo na nimejibiwa kwa mdomo, na sidhani hilo litanisaidia baadaye. Niambatishe barua ya daktari wa watoto inayoeleza hali yao, ama hiyo ni siri ya familia? Nimwombe mwakilishi wa chama cha wafanyakazi anisindikize, au meneja ataona nimekuja kwa vita? Nipendekeze mwenyewe jinsi ya kugawanya siku zangu, au nimwachie yeye aseme kwanza? Yuko Nairobi kwa mkutano na anarudi Jumatatu. Ningependa anikute na barua tayari.

Baba Pacha,
Kaptembwo, Nakuru